Bawa Kwenye Kioo

Mshonaji wa ghorofa ya nne alidai ameona kwa macho yake mawili, na alikuwa tayari kuapa mbele ya yeyote, kwamba Mjusi, yule muosha vioo, alisukumwa. Ilikuwa Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Yeye alikuwa kwenye cherehani yake, dirisha wazi, anapinda suruali ya mteja msumbufu. Akainua uso kutunga uzi. Ng'ambo ya barabara, juu kabisa kwenye lile jengo la vioo, akamwona ananing'inia kwenye kamba zake. Mara mtu akatokea ndani ya kioo. Jitu zima, jeusi tititi. Likanyoosha mkono, Mjusi naye akanyoosha wake, mikono ikakutana, halafu lile la ndani likamsukuma yule wa nje. Mjusi akaenda. Hakupiga hata ukelele. Alidondoka kama nguo inavyochomoka kambani, akapotea nyuma ya ukuta wa ile bustani iliyojengwa hewani, ghorofa ya ishirini na nane.

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima, na kila ilipopita iliongezwa chumvi. Muuza vocha alisema msukumaji alivaa suti. Muuza magazeti alisema alikuwa mwanamke, tena mwembamba.

Inspekta alifika kwa mshonaji Alhamisi, saa tatu kamili. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya kutembelea na daftari lililofungwa kwa mpira. Hakuuliza kitu. Aliomba tu akae pale pale kwenye kiti cha cherehani.

"Kaa, Afande, lakini usiguse hilo pindo," mshonaji alisema. "Mwenyewe akija akakuta limekwenda upande atanila nyama."

"Sigusi. Wewe simama nyuma yangu. Tungoje robo."

Wakangoja. Koplo aliyekuja na Inspekta alikuwa ameshavuka barabara na kupanda lifti hadi ghorofa ya thelathini na moja. Robo ilipogonga, jua lilikuwa limepanda vya kutosha juu ya mapaa ya nyumba za nyuma, likalipiga lile jengo usoni. Inspekta akafumba macho bila kutaka. Alipoyafumbua aliyafumbua nusu. Ukuta mzima, toka juu mpaka chini, ulikuwa umewaka. Havikuonekana vioo tena. Lilionekana jua lingine, kubwa kuliko lile la angani, limesimama wima katikati ya mji, na mawingu yanatembea ndani yake.

"Mungu wangu," Inspekta alisema kwa sauti ndogo.

"Ndivyo linavyofanya kila asubuhi," mshonaji akajibu, kama mtu anayesifu mtoto wa jirani. "Mimi nimezoea. Saa hizi ndiyo natungia uzi, nuru ni ya bure."

Inspekta akapiga simu. "Koplo, uko kwenye kioo?"

"Nimekigusa kwa pua, Afande. Napunga kitambaa chekundu."

"Punga kwa nguvu. Mama, unamwona?"

Mshonaji akakunja macho, akaweka kiganja juu ya paji la uso, akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Alitoa hata kichwa nje ya dirisha.

"Mbona simwoni? Ahamie kioo kingine."

Koplo akahama vioo vitano. Mshonaji hakuona kitambaa wala koplo. Aliona mawingu, na kunguru wawili: mmoja akipita mbele ya jengo, mwingine akimfuata kwa ndani bila kuachana naye hata hatua.

"Wale kunguru ni wangapi?" Inspekta akauliza.

"Wawi—" Mshonaji akanyamaza. Akaangalia tena. Akakaa taratibu kwenye kitanda kilichokuwa nyuma yake. "Ni mmoja, Afande."

"Mjusi alinyoosha mkono kuosha kioo. Kioo nacho kikamnyooshea wa kwake."

"Sasa mimi si nimekuwa mwongo mtaani?"

"Hapana, mama. Umenisaidia kuliko wote niliowahoji." Inspekta akaandika mstari mmoja kwenye daftari: *Saa 3:15, upande wa mashariki, jua kali juu ya kioo.* Akaupigia mstari chini mara mbili, ingawa bado hakujua kwa nini unamkera.

Basi, hakukuwa na wa kusukuma kutoka ndani. Vioo vya jengo lile vilikuwa havifunguki hata kidogo. Hapo kesi ikawa imerudi pale alipoitaka mkuu wa kituo. Mjusi alikuwa hospitali, hajafumbua macho tangu Jumanne. Mahabusu alikaa shemeji yake, mume wa dada yake, mwenzake wa kamba. Jalada lilisema hivi: kamba zote mbili za Mjusi, ya kazi na ya akiba, zilikutwa zimekatwa kwa kisu juu ya paa, vipande vifupi vimebaki kwenye ringi ya chuma. Juu ya paa alikuwepo shemeji peke yake. Jumatatu, siku moja kabla, watu waliwasikia wakigombana kwa maneno mazito. Na tena shemeji alidanganya: alisema asubuhi ile walikuwa wakiosha upande wa magharibi, yeye akashuka kuchota maji, aliporudi hakumkuta Mjusi wala kamba zake. Ratiba ya jengo ilisema mashariki.

Saa kumi jioni jalada lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Kujaribu kuua. Mtu akishaingia huko, kutoka ni miaka.

*

Inspekta alikuwa amezoea kituo cha ghorofa moja ambacho mvua ikinyesha wanahamisha meza. Alipoingia ukumbi wa chini wa lile jengo alisimama kidogo, si kwa kupenda. Sakafu iling'aa hata akaona soli za viatu vyake mwenyewe zikimjia. Dari ilikuwa mbali mno, sauti za watu zilipanda huko zikachelewa kurudi. Watu mia mbili walikuwa wanapita na hakuna aliyemgonga mwenzake. Lifti ilimpokea bila kelele, ikafunga, na kabla hajamaliza kupanga alichotaka kuuliza, masikio yakaziba na milango ikafunguka ghorofa ya thelathini na tano.

Meneja wa jengo alikuwa amevaa sweta. Nje watu walikuwa wanajipepea na magazeti. Ofisi yake ilikuwa na taa nyeupe na mapazia mazito ya kijivu, yamefungwa mpaka chini.

"Karibu, Afande. Tumesikitika sana. Yule kijana alikuwa hodari."

"Alikuwa? Bado ni mzima."

"Ni hodari. Nimeteleza ulimi. Kahawa?"

"Naomba ratiba."

Ilikuwa tayari juu ya meza, karatasi moja safi, isiyokunjwa popote. Inspekta akaisoma polepole, kidole kikifuata. *Jumanne. Asubuhi: mashariki. Alasiri: magharibi.*

"Kila Jumanne ni hivi?"

"Kila Jumanne, mwaka wa tatu huu. Jengo kama hili haliendeshwi kwa kubahatisha, Afande. Ghorofa thelathini na tisa. Vioo elfu tisa na mia nne. Ukishuka chini uviangalie kimoja kimoja, hutapata hata chenye alama ya kidole."

Hilo alilisema kwa heshima ya kweli, na Inspekta akamwamini kwa hilo.

"Jumanne ulikuwa na wageni?"

"Saa nne. Wageni wakubwa. Ukumbi wa mikutano, thelathini na moja." Akatabasamu kwa uchungu. "Unaweza kufikiria aibu."

"Na paa? Jalada linasema askari walifika saa nne kasoro, lakini paa lilifunguliwa saa tisa alasiri."

"Ufunguo ulipotea katika ile vurugu. Fundi akaja kuupata kwenye koti lake. Mambo ya binadamu."

"Unaweza kunifungulia pazia, meneja?"

"Pazia?" Akaangalia nyuma yake kama aliyeambiwa kuna mlango asioujua. "La nini? Tuna taa."

"Basi, liache." Inspekta akakunja ratiba mara mbili na kuitia ndani ya daftari. Meneja aliutazama ule mkunjo kama umemuuma.

*

Kwenye ukumbi wa mikutano, ghorofa ya thelathini na moja, mwanamke alikuwa amepiga magoti anang'arisha miguu ya meza ndefu kupita kiasi. Alikuwa na sare ya buluu na kitambaa kichwani. Alipoiona sare ya Inspekta hakuinuka. Alikaa juu ya visigino vyake, akaweka tambara lake chini.

"Wewe ndiye dada yake Mjusi," Inspekta alisema.

"Ndiye mimi. Na ndiye mke wa huyo mliye naye huko ndani."

"Na umekuja kazini?"

"Nisipokuja siku tatu wanaweka mwingine. Nikienda hospitali mchana na mahabusu jioni, kazi naifanya asubuhi. Kwani nyumbani nikakae nimtazame nani?" Akajifuta mikono. "Uliza, mama. Mimi nimeshaulizwa yote."

"Waligombania nini Jumatatu?"

"Redio."

"Redio?"

"Mume wangu anapenda taarifa ya habari, kaka yangu anapenda mpira. Wanakaa nyumba moja, redio ni moja. Wanagombana kila Jumatatu, ni kama dawa yao. Wakimaliza wanakula sahani moja." Akaliokota tambara, akalikunja. "Yule mtu anamfunga kaka yangu mikanda kila asubuhi kama anayemvalisha mtoto sweta. Kila ndoano anaigusa mara tatu. Kaka yangu humwambia, shemeji, nitazeeka hapa."

Inspekta akatoa ile ratiba, akampa. "Unasoma?"

"Nimefika la saba. Nasoma." Akasoma. Akairudia. Halafu akafanya kitu ambacho Inspekta hakukitarajia: akacheka, cheko fupi kavu la puani. "Hii imeandikwa na mtu wa ndani."

"Kwa vipi?"

"Simama hapa, mama. Weka mkono."

Inspekta akaweka kiganja juu ya kioo, akakiondoa haraka. Kioo kilikuwa cha moto kama sahani iliyotoka jikoni. Ndipo alipoona alipo. Chini yake, kupita ukuta wa ile bustani ya hewani, hapakuwa na kitu. Mji ulikuwa umetandazwa mpaka unaishia, barabara nyembamba kama uzi, magari kama punje, na kivuli cha jengo hakionekani kwa kuwa kilianguka upande wa pili. Akarudi nyuma nusu hatua. Dada mtu akamshika kiwiko kwa namna inayoonyesha ameshawashika wengi.

"Hakuna muosha vioo anayeosha kioo kinachopigwa na jua," alisema. "Hata ukimlipa mara mbili. Ukipaka sabuni, inakauka kabla mpira wa kufutia haujapita. Inabaki michirizi, inakuwa mbaya kuliko uchafu wenyewe. Wanalikimbia jua. Asubuhi wako magharibi, penye kivuli. Jua likivuka paa, nao wanavuka, wanakuja huku. Kila siku iliyoumbwa. Mume wangu aliwaambia magharibi?"

"Alituambia."

"Na mkasema mwongo."

Inspekta akafungua daftari, akautazama ule mstari alioupigia chini mara mbili. Mshonaji alikuwa ameona jua kwenye kioo na mtu mbele yake anaosha. Jambo hilo halikuwa na mahali pa kukaa katika kazi ya watu hawa. Aliyeandika ratiba alikuwa ameandika baada ya tukio, ili iendane na pale alipoangukia Mjusi, na kwa kuwa anaishi nyuma ya mapazia na taa nyeupe hakukumbuka kujiuliza jua lilikuwa wapi.

"Sasa kaka yako alifuata nini huku?"

"Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka hadi katikati ya ukuta, mbele ya kiti kikubwa kilichokaa kichwani mwa meza. Kwenye kile kioo kimoja, kwa nje, kulikuwa na alama. Mwanzo Inspekta aliona vumbi tu. Kisha macho yakazoea, na vumbi likajipanga. Lilikuwa bawa. Bawa zima la njiwa, limeenea, kila unyoya umeandikwa kwa unga mweupe mwembamba, mpaka vile vidogo vya kwenye bega. Jua lilipita ndani yake, likaonekana kama linapumua. Upande wa pili, ambako lingekaa bawa la kulia, kulikuwa na upinde mmoja wa sabuni iliyokauka, na michirizi imeteremka chini yake kama machozi.

"Ndege aligonga Jumatatu jioni," dada mtu akasema. "Alidhani ni mbingu, maskini. Anaacha unga wa manyoya yake. Meneja alikuja akasimama hapo hapo uliposimama, akaniambia nifute. Nikamwambia, bosi, ni kwa nje. Akasema kesho saa nne mgeni wake atakaa kwenye kile kiti, na huyu ndege atakuwa kichwani pake kama taji. Akaondoka anahema. Jumanne asubuhi nikaambiwa nikasafishe ghorofa ya kumi na mbili. Sikuona zaidi."

"Kaka yako angekubali kuosha kwenye jua?"

"Akiombwa na mwenye kazi? Afute kioo kimoja tu, dakika tano, kisha arudi kivulini?" Aliangalia ule upinde wa sabuni. "Alipitisha mpira mara moja. Mara moja tu, mama. Kaka yangu hawezi kuacha kioo hivi. Hata akiwa anaumwa."

*

Bustani ya ghorofa ya ishirini na nane ilikuwa na miti ya kweli. Inspekta hakuwahi kufikiri mti unaweza kuota juu wanakoruka ndege, na hapa ulikuwepo, umepukutisha majani yake juu ya vigae vya mawe, na upepo unayasukuma mpaka ukingoni na kuyaacha. Matawi ya mti mmoja yalikuwa yamevunjika upande mzima. Mti huo ndio uliompokea Mjusi. Ghorofa tatu, na tawi juu ya tawi mpaka kwenye udongo laini wa maua.

Koplo alisoma kutoka kwenye jalada. "Alama ya mwili, kitanda cha maua. Matawi saba yamevunjika. Kigae kimoja kimepasuka, hatua nne kutoka kwenye mwili. Haijulikani sababu."

Inspekta akachuchumaa. Kigae kilikuwa kinene kama kitabu, na kilikuwa kimepasuka kutoka nukta moja, nyufa zimetawanyika kama miguu ya buibui. Katikati kulikuwa na shimo linaloingia kidole gumba.

"Jumatatu kilikuwa kizima," dada mtu akasema. "Nilifagia mimi."

"Koplo, kamba yenye urefu wa ghorofa kumi na moja ikianguka hapa, itavunja jiwe?"

"Kamba? Italala tu, Afande."

"Kwa hiyo palianguka nini?"

Koplo akaangalia juu. Inspekta naye. Ukuta ulipanda juu yao mpaka shingo ikauma, ukaingia mbinguni bila mahali pa kuonyesha hapa ndipo mwisho. Huko juu, kwenye ukingo, ringi za chuma zilikaa, zisizoonekana.

"Tukamtafute fundi," alisema.

*

Fundi wa jengo aliitwa Bisibisi hata na meneja. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mifuko mingi na maneno mengi zaidi. Walipopanda ngazi ya mwisho ya chuma, aliwatangulia akiongea.

"Afande, ukisikia kizunguzungu usiniangukie mimi, nina familia. Mwangukie koplo, yeye ni mali ya serikali. Na wewe dada, pole tena. Nimekuombea usiku kucha."

"Asante, kaka."

Mlango ukafunguka, na upepo ukawachukulia maneno. Paa lilikuwa pana kama uwanja. Anga lilianzia miguuni. Inspekta aliona milima ambayo aliishi mji huu miaka ishirini bila kujua kwamba ipo, imekaa nyuma ya moshi, ya buluu, na mto unaokwenda huko ukimeta. Alijikuta anatembea kwa hatua fupi, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada amevaa viatu. Hata koplo alivua kofia, akajifanya ni kwa ajili ya upepo.

Bisibisi aliwapeleka kwanza upande wa magharibi. Ringi zilikuwa mbili mbili, kila kamba na ringi yake. Upande wa mashariki zilikuwa moja moja, na kutu imezilamba.

"Kwa nini huku ni moja?"

"Walisema watamalizia," Bisibisi akajibu. "Bado wanasema."

"Kwa hiyo mtu akifunga huku, kamba ya kazi na ya akiba zote ziko kwenye ringi moja."

"Ndiyo, Afande."

Ringi ya Mjusi ilikuwa ya nne. Vipande vya kamba vilivyokatwa vilikuwa vimeshachukuliwa kuwa vielelezo. Inspekta alipiga magoti. Akatoa ufunguo wa nyumba yake, akakwaruza saruji chini ya ringi ya tatu. Ufunguo uliteleza, haukuacha kitu. Akakwaruza chini ya ringi ya nne. Ulichora mstari mweupe, na vumbi laini likapanda kwenye upepo. Saruji ya tatu ilikuwa ya kijivu cha zamani, imeota ukoko. Ya nne ilikuwa na rangi ya wingu la mvua.

"Hii ulipaka lini, fundi?"

"Mwezi uliopita." Alijibu upesi, halafu hakuongeza utani.

"Mwezi uliopita mvua ilinyesha wiki mbili. Mbona haina hata tone lililoichimba?" Akapapasa ringi yenyewe. Sehemu moja ya mviringo ilikuwa imebonyea, na ndani ya ule mbonyeo kulikuwa na unga wa mawe wa rangi ya vigae vya bustanini. Akaugusa kwa ncha ya kidole, akamwonyesha koplo, naye akaandika.

Inspekta akainuka, akajifuta magoti. Alisema polepole, kama anayempangia mtu vyombo mezani.

"Hakuna aliyekata kamba huku juu. Mjusi alifunga hapa, akashuka ghorofa nane, akapitisha mpira mara moja, na ringi ikang'oka. Ikamfuata. Yeye akapokelewa na mti, ringi ikapokelewa na kigae. Sasa ringi iliyong'oka ikiokotwa bustanini, mwenye jengo ataulizwa. Kwa hiyo kabla ya askari kufika, mtu alizikata kamba kule chini, akabeba ringi na vile vipande vyake. Ufunguo wa paa ukapotea kwa saa tano. Saa tano zinatosha kuchanganya saruji ya kukauka haraka. Askari walipopanda wakakuta ringi imesimama, kamba zimekatwa kwa kisu, na mtu mmoja tu wa kulaumiwa."

Bisibisi alikuwa anaangalia mikono yake. Kwenye kucha za kidole cha shahada na gumba kulikuwa na kijivu ambacho sabuni haijakitoa.

"Nina watoto wanne, Afande."

"Najua."

"Hujui. Hizi ringi ni kazi yangu. Nikisema, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Mwaka jana nilimwandikia meneja kwamba za mashariki zimelika, asimpandishe mtu. Nilimwandikia kwa mkono wangu, nika—" Akaishia hapo.

"Hiyo barua ipo?"

Bisibisi akavikunja vidole, kucha zikafichika.

"Fundi, hii saruji haiwezi kupanda kizimbani. Wakili wa jengo atasema ni ukarabati. Atasema kigae kilipasuka kwa jua. Na ratiba atasema ilikosewa kupigwa chapa. Wanaojua nani alimwita Mjusi kutoka kivulini, mbali na aliyemwita, ni wawili: wa kwanza amelala hospitali na mrija puani. Wa pili ni wewe uliyewafungulia wawili hao mlango huu." Akaangalia saa yake. Ilikuwa saa nane kasoro. "Saa kumi jalada linaondoka."

Simu ikaanza kutetemeka kwenye mfuko wa kifua wa Bisibisi. Aliitoa, akalisoma jina, na wote watatu waliona alivyolisoma. Ikatetemeka mpaka ikachoka. Ikaanza tena.

Dada mtu alikuwa amesimama nyuma muda wote, mgongo umeegemea kwenye kijumba cha ngazi, maana yeye aliyezoea vioo hakuwahi kufika mahali pasipo na kioo kabisa. Sasa aliuacha ukuta. Alikuja hatua kwa hatua, upepo umemvuta kitambaa mpaka kikafunguka, asikishike. Akasimama mbele ya fundi.

"Kaka," alisema. "Mimi sikukasirikii. Uliagizwa, na ukiagizwa hapa unafanya, hata mimi nafanya. Kaka yangu akiamka au asipoamka, hilo liko kwa Mungu, sikuombi hilo. Naomba moja tu. Yule aliyeko ndani hajui kosa lake. Kila nikienda ananiuliza, mke wangu, nilisahau ndoano ipi? Ananitajia zote, moja moja, na vidole. Anadhani ni yeye." Akanyoosha mkono kuelekea ngazi. "Shuka na sisi, kaka. Kituo ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nitatembea na wewe, ubavuni kwako, mpaka mlangoni. Ukamwambie tu kwamba hakusahau."

Bisibisi alimtazama. Akautazama mji uliolala chini yao, nyumba kwa nyumba, kama anayetafuta paa la kwake. Simu ikatetemeka mara ya tatu kiganjani, akaizima. Akachuchumaa taratibu mbele ya ile ringi ya nne, akaweka mkono juu ya saruji, kiganja kizima, akakaa hivyo, na upepo ukaendelea kupita.